Virutubisho vya mimea kwa afya ya macho: jinsi ya kuchagua, kuandaa na kutumia bila kujidhuru

Mtu akianza kuona ukungu, jirani wa kwanza humshauri ale karoti, wa pili humletea unga wa mlonge, na wa tatu humwonyesha chupa ya vidonge yenye picha ya jicho la buluu, ambayo bei yake ingetosha kununua mboga za mwezi mzima. Kila ushauri kati ya hiyo una chembe ya ukweli, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa sababu mmea unaomfaa mtoto asiyeona vizuri jua likizama haumsaidii babu mwenye presha ya macho, na kidonge kinachomfaa bibi ambaye retina yake, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imeanza kuchakaa kinaweza kumdhuru mjomba anayevuta sigara.

Katika yote yanayodaiwa kuhusu mimea na macho, mambo mawili ndiyo yenye ushahidi ulio imara. La kwanza ni kwamba mboga na matunda yenye rangi kali huzuia upungufu wa vitamini A, ambao ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya upofu wa watoto unaozuilika. La pili ni kwamba mchanganyiko mmoja maalumu wa vitamini, madini na rangi za mimea hupunguza kasi ya ugonjwa wa kuchakaa kwa sehemu ya katikati ya retina kwa wazee. Yaliyobaki ama yana ushahidi dhaifu, ama hayana kabisa, ama yana madhara. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia tofauti hiyo, na ni vyema zifuatwe kwa mpangilio wake, kwa kuwa anayeanzia kwenye kununua chupa huwa ameruka lililo muhimu kuliko yote.

Hatua ya 1: Jua kwanza jicho lina tatizo gani

Kabla ya kutafuna jani lolote, nenda ukapimwe. Kliniki ya macho ya hospitali ya wilaya au ya mkoa inaweza kupima uwezo wako wa kuona, presha ya jicho na hali ya retina, na pale inaposhindikana utaandikiwa rufaa kwenda hospitali kubwa kama KCMC mjini Moshi, CCBRT au Muhimbili jijini Dar es Salaam, au kitengo cha macho cha Kikuyu nchini Kenya. Sababu ya kusisitiza jambo hili ni kwamba magonjwa ya macho yanayotupata zaidi yanafanana kwa mgonjwa, ilhali tiba zake ziko mbali mbali kabisa.

Mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho inapopata ukungu, hutibiwa kwa upasuaji wa kuondoa lenzi hiyo na kuweka nyingine ya bandia. Hakuna jani, mzizi wala kidonge kinachoisafisha lenzi iliyokwisha kuingia ukungu. Presha ya macho, ambayo wataalamu huiita glakoma, huua mshipa wa fahamu wa jicho polepole bila maumivu, ikianza kula uoni wa pembeni, na kinachopotea hakirudi. Mgonjwa wake huhitaji matone ya kila siku au upasuaji, na jambo baya kuliko yote analoweza kufanya ni kuacha matone hayo kwa sababu ameanza dawa ya miti shamba na anajisikia nafuu. Nafuu hiyo haina maana, kwa kuwa tangu mwanzo glakoma ya aina iliyoenea zaidi kwetu haiumi. Wapo pia wanaosema bangi hushusha presha ya macho. Ni kweli hushusha, lakini kwa saa 3 au 4 tu, na ndiyo maana madaktari wa macho hawaitumii kama tiba.

Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu ndani ya retina, na kinga yake ni kudhibiti sukari na kuchunguzwa macho kila mwaka. Trakoma, ambayo wengi huifahamu kama ugonjwa wa vikope, husababishwa na bakteria na hutibiwa kwa antibiotiki. Macho yanayowasha kwa watoto, ambao hawaachi kuyafikicha, mara nyingi ni mzio. Ama kushindwa kusoma maandishi ya karibu baada ya kufikisha miaka 40 na kitu si ugonjwa, bali ni lenzi kupoteza unyumbukaji wake kwa umri, na dawa yake ni miwani ya kusomea.

Zipo dalili ambazo hazingojei hata kesho: kupoteza uoni ghafla, jicho jekundu linalouma na kuchukia mwanga, kuona cheche au pazia jeusi likishuka, doa jeupe kwenye kioo cha jicho (sehemu angavu ya mbele ya jicho), au mboni ya mtoto mchanga kuonekana nyeupe. Mwenye dalili mojawapo kati ya hizo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Usitie kitu chochote cha mmea ndani ya jicho

Kila kinachoelezwa katika mwongozo huu ni cha kuliwa. Utomvu wa mshubiri, maji ya majani yaliyotwangwa, asali, maji ya ndimu, maziwa ya mama, chai ya rangi iliyopoa na vinginevyo vinavyodondoshwa jichoni vyote vina hatari mbili. Vingine huunguza kioo cha jicho kwa ukali wake, na karibu vyote hubeba vijidudu, kwa sababu jani lililotwangwa kwenye kinu cha nyumbani halijawahi kuwa safi kwa kiwango ambacho jicho linahitaji. Kidonda cha kioo cha jicho kikipata fangasi au bakteria huweza kulitoboa jicho kwa siku chache, na hata kikipona huacha kovu jeupe linalozuia mwanga. Uchunguzi wa wagonjwa wa vidonda vya namna hiyo nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba takriban robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji jichoni.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtoto anayeugua surua, ambaye akiba yake ya vitamini A huisha haraka na kioo cha jicho lake hulainika. Mtoto huyo anahitaji vitamini A ya hospitali, wala si majani jichoni. Onyo hilo hilo linahusu matone ya dukani yenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, yanayonunuliwa bila cheti cha daktari: huondoa wekundu haraka, na yakitumika kwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Hatua ya 3: Anzia jikoni

Baada ya kujua tatizo, panga chakula kabla ya kufikiria vidonge. Mwili hutengeneza vitamini A kutoka kwenye beta-karotini, rangi ya machungwa iliyomo kwenye karoti, viazi lishe (viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa), maboga, maembe na mapapai mabivu, na iliyojificha chini ya ukijani wa mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga na majani ya kunde. Ubadilishaji huo hauendi moja kwa moja: mwili unahitaji takriban mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula ili kupata mikrogramu 1 ya vitamini A. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 huhitaji mikrogramu 300 za vitamini A kwa siku, wa miaka 4 hadi 8 huhitaji 400, mwanamke mzima 700, na mwanaume 900.

Ukiweka vyakula kwenye mizani, tofauti zake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kukadiria, gramu 100 za majani ya mchicha yaliyopikwa hutoa mikrogramu 140 hivi za vitamini A, wakati gramu 100 za viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa iliyokolea, vikiwa vimechemshwa, hutoa karibu 800. Kiazi lishe kimoja cha wastani, chenye gramu 125, hutosheleza mahitaji ya siku nzima ya mtoto ambaye hajaanza shule, na kadiri rangi yake inavyokolea ndivyo kinavyokuwa bora. Kiazi cheupe tulichozoea hakina karibu chochote cha aina hiyo. Kazi ya kuviboresha na kuvieneza viazi lishe barani Afrika ndiyo iliyowapatia watafiti wake Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, na mbegu zake leo hupatikana kwa wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa na magharibi mwa Kenya. Kwa fedha ya kununulia chupa moja ya vidonge, unaweza kupanda shamba dogo la marando yake nyuma ya nyumba.

Beta-karotini huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Kwa hiyo bilauri ya juisi ya karoti inayonywewa asubuhi tumbo likiwa tupu huwa na faida ndogo kuliko karoti ile ile iliyopikwa kwenye mchuzi. Utaratibu wa kupika mboga za majani kwa ajili ya macho ni huu. Osha majani kabla ya kuyakata, kwa sababu yakioshwa yakiwa yamekatwa hupoteza virutubishi vingine. Kaanga kitunguu kwenye vijiko viwili vya mafuta kwa sufuria ya watu wanne au watano, tia nyanya, kisha tia majani, funika, na uyaache yaive kwa mvuke wake kwa dakika 5 hadi 10, bila kuongeza maji mengi ambayo baadaye yatamwagwa. Tui la nazi au karanga zilizotwangwa hufanya kazi sawa na mafuta. Kisamvu hakifuati utaratibu huu: majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, kwa hiyo hutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa, ndipo yaungwe, na hakuna faida ya jicho inayohalalisha kuyala yakiwa nusu mabichi.

Kwa wasomaji wa Kigoma, Burundi na mashariki mwa Kongo, mafuta ya mawese ambayo hayajasafishwa kiwandani ni hazina ambayo watu wa pwani huinunua kwa bei ya juu ikiwa ndani ya vidonge. Wekundu wake ni karotini yenyewe, na kijiko cha chai kwenye uji au maharage ya mtoto huchangia sehemu kubwa ya mahitaji yake ya siku. Sharti ni moja tu: yasichomwe mpaka yapauke, kwani weupe ule unaosifiwa jikoni ndio upotevu wa kile tunachokitafuta.

Kwa wazee, rangi za kutafuta ni mbili nyingine, luteini na zeaksanthini, ambazo mwili hauzitengenezi na ambazo hujilimbika katikati kabisa ya retina, kwenye sehemu iitwayo makula, zikichuja mwanga wa buluu. Majani ya kijani kibichi kilichokolea ndiyo ghala lake: gramu 100 za spinachi iliyopikwa zina takriban miligramu 11 za rangi hizi mbili kwa pamoja, kiasi ambacho hakipishani sana na kidonge cha dukani, na sukuma wiki nayo imo katika kundi hilo. Zeaksanthini hupatikana pia kwenye pilipili hoho za rangi ya machungwa na kwenye mahindi ya njano, yale ambayo Tanzania iliyajua wakati wa uhaba wa chakula kama unga wa yanga na ambayo wengi bado huyadharau kuwa ni chakula cha kuku. Dharau hiyo ina historia yake, lakini retina haijui historia.

Ama karoti, sifa yake ya kumfanya mtu aone gizani kama paka ilikuzwa na serikali ya Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilipodai kuwa marubani wake walitungua ndege usiku kwa kula karoti, huku ikiificha rada. Karoti humrudishia uoni wa usiku mtu aliyepungukiwa vitamini A. Mtu ambaye hana upungufu huo hatapata chochote cha ziada kwa kula kilo nzima, isipokuwa viganja vyake kugeuka njano. Unjano huo hauna madhara na hutofautiana na ule wa ugonjwa wa ini kwa kuwa weupe wa macho hubaki mweupe.

Hatua ya 4: Andaa unga wa mlonge kwa usahihi, ukiamua kuutumia

Mlonge unastahili hatua yake kwa kuwa ndio unaouzwa zaidi, na kwa kuwa mwingi unaouzwa umeharibika. Majani yake yana beta-karotini na luteini nyingi, lakini rangi hizo huharibiwa na mambo matatu: jua, joto na hewa. Majani yaliyoanikwa juu ya turubai barabarani kwa siku tatu, yakawa ya kahawia, kisha yakawekwa kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na kuning'inizwa dukani, hubaki na protini na madini, ila kile ulichokifuata kwa ajili ya macho kitakuwa kimepungua sana.

Chuma majani yaliyokomaa lakini ambayo hayajaanza kuwa njano, asubuhi mapema, kutoka kwenye mti ulio mbali na vumbi na moshi wa barabara. Yaache kwenye vitawi vyake, uyaoshe kwa maji safi mara mbili, na mara ya kwanza utie chumvi kidogo ili kuondoa wadudu. Kung'uta maji, kisha yatandaze kwa tabaka jembamba juu ya wavu au kitambaa safi, ndani ya chumba chenye hewa na kisicho na jua. Yageuze mara kadhaa kwa siku ili yasiote ukungu, na kwa kawaida yatakauka ndani ya siku 3 hadi 4. Jani lililokauka vizuri huvunjika likisuguliwa kwa vidole, na rangi yake bado ni kijani. Jani lililonyauka likakunjika bila kuvunjika bado lina maji, na unga wake utavunda. Pukuchua majani, tupa vijiti, saga kwenye kinu au blenda kavu, chekecha, na uhifadhi kwenye kopo lisilopitisha mwanga, lenye mfuniko unaobana. Saga kidogo kidogo, kiasi cha mwezi mmoja, badala ya kusaga gunia.

Wakati wa kutumia, nyunyiza unga kwenye uji, mchuzi au maharage baada ya kuepua, wala usiuchemshe pamoja na chakula. Kijiko kimoja cha chai kwa siku kinatosha kuanzia kwa mtu mzima, kwa sababu wengine huharisha wakianza na kingi, na chakula hicho kiwe na mafuta. Mama mjamzito asitumie mizizi wala magome ya mlonge kwa namna yoyote. Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu anayetumia dawa apime mara kwa mara, kwa kuwa mlonge huweza kushusha vyote viwili na kuongezea nguvu dawa alizonazo.

Ukinunua unga tayari, fungua mfuko na unuse kabla ya kulipa. Unga mzuri una rangi ya kijani angavu na harufu ya majani makavu, na muuzaji anayekataa usifungue amekwisha kukujibu.

Hatua ya 5: Amua kama kweli unahitaji vidonge

Utafiti mkubwa kuhusu vidonge vya macho ulifanywa na Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani kwa awamu mbili, ambazo matokeo yake yalitolewa mwaka 2001 na 2013. Mchanganyiko uliopatikana mwishoni, unaojulikana kwa jina la AREDS2, una vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400 za kimataifa (IU), zinki miligramu 80, shaba miligramu 2, luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2. Shaba imo kwa sababu zinki nyingi kiasi hicho huzuia mwili kufyonza shaba, na upungufu wake huleta anemia.

Mchanganyiko huo uliwasaidia watu wa kundi moja tu: wale ambao daktari alikwisha kuona kuchakaa kwa makula kwa kiwango cha kati, au cha juu katika jicho moja. Kwao, uwezekano wa ugonjwa kufikia hatua mbaya ulipungua kwa takriban asilimia 25 katika miaka mitano. Haukuzuia ugonjwa kuanza kwa watu wenye macho mazima, haukuzuia mtoto wa jicho, na mafuta ya samaki yaliyoongezwa katika awamu ya pili hayakuleta tofauti. Hivyo, kijana wa miaka 28 anayechoshwa na kompyuta na mama wa miaka 50 anayetafuta miwani ya kusomea hawana sababu ya kuununua, hata muuzaji akiwa na ufasaha wa namna gani. Kwa macho yanayochoka mbele ya skrini, kupepesa mara kwa mara na kutazama mbali kila baada ya dakika 20 hakugharimu kitu.

Mtoto asipewe vidonge vya watu wazima. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ipo dozi ya matone ya kumeza ya vitamini A inayotolewa bila malipo, ambayo nchini Tanzania hutolewa kila Juni na Desemba: yuniti 100,000 kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na 200,000 kwa aliyezidi hapo. Mtoto anayejikwaa jua likizama, anayepapasa kutafuta sahani yake ilhali wenzake wanaona, au mwenye mabaka yanayofanana na povu kwenye weupe wa jicho, apelekwe kituo cha afya mara moja, kwani hapo chakula peke yake kimechelewa.

Hatua ya 6: Soma lebo kabla ya kulipa

Geuza chupa, uache maneno makubwa ya mbele. Jambo la kwanza ni kiasi cha dozi: mara nyingi miligramu zilizoandikwa ni za vidonge viwili au vitatu kwa pamoja, na chupa ya vidonge 60 huwa ya siku 20 badala ya miezi miwili.

Jambo la pili ni ujanja ambao wengi huuparamia. Luteini ya vidonge hukamuliwa kwenye maua ya rangi ya machungwa ya jamii ya Tagetes, na lebo inaweza kuandika kwamba kuna miligramu 20 za dondoo la maua hayo, kisha kwa maandishi madogo ikaongeza kuwa dondoo lina luteini asilimia 5. Asilimia 5 ya 20 ni miligramu 1. Mnunuzi anayetafuta miligramu 10 atalazimika kumeza vidonge kumi, na bei iliyoonekana nafuu huwa imegeuka ghali kuliko zote dukani. Bidhaa isiyotaja asilimia wala kiasi cha luteini yenyewe, ikaishia kuandika tu kuwa ni mchanganyiko wa siri wa mimea, iache rafuni.

Jambo la tatu ni usajili. Tanzania Bara, dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, vyakula husimamiwa na Shirika la Viwango, na dawa za asili huwa chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Nchini Kenya, dawa ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Muulize muuzaji bidhaa yake imesajiliwa wapi na kwa namba gani. Dondoo za tunda la bilberry na majani ya ginkgo zinazoingizwa kutoka nje hukutwa kwenye nyingi ya chupa hizi, na ushahidi wake kwa macho bado ni mdogo mno kuhalalisha gharama. Na bidhaa yoyote inayodai kuondoa mtoto wa jicho, glakoma na ulazima wa miwani kwa pamoja haina haja ya kuchunguzwa zaidi.

Hatua ya 7: Linganisha kirutubisho na hali yako

Mvutaji wa sigara, au aliyeacha si muda mrefu, asitumie vidonge vya beta-karotini. Utafiti uliofanywa nchini Finland na kutangazwa mwaka 1994 uligundua kuwa wavutaji waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao, na utafiti mwingine wa Marekani ukasimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana mchanganyiko wa 2013 uliweka luteini na zeaksanthini badala yake. Onyo hili ni la vidonge, si la mboga. Wavutaji waendelee kula mchicha, na wakumbuke kuwa sigara yenyewe huharakisha kuchakaa kwa makula.

Mjamzito asitumie vidonge vya vitamini A ya retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari, bila kuandikiwa, kwa kuwa ikizidi mikrogramu 3,000 kwa siku huweza kumdhuru mtoto tumboni. Beta-karotini ya mboga haina hatari hiyo. Anayetumia warfarini kuzuia damu kuganda ajiepushe na ginkgo na dozi kubwa za vitamini E, ambazo huongeza uwezekano wa kutoka damu. Kuhusu mboga za majani na mlonge, vyenye vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, cha msingi ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kwa sababu kinachovuruga dawa ni mabadiliko ya ghafla. Anayemeza antibiotiki za siprofloksasini au doksisaiklini asimeze zinki wakati huo huo, bali atenganishe kwa saa kadhaa, la sivyo zinki huishika dawa tumboni na kuizuia kufanya kazi.

Hatua ya 8: Fuatilia kwa kipimo, si kwa hisia

Mzee mwenye kuchakaa kwa makula asitegemee kuona vizuri zaidi baada ya kuanza vidonge. Kazi yake ni kupunguza kasi ya kuharibika, na asipohisi tofauti yoyote haina maana kwamba havifanyi kazi. Kinachohitajika ni njia ya kugundua mapema mambo yakigeuka, na njia hiyo inapatikana kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Chora kwa wino mweusi uliokolea mraba mkubwa wa sentimita 10 kwa 10, upitie mistari yote ya ndani, na uweke nukta katikati. Bandika karatasi hiyo mahali penye mwanga wa kutosha. Vaa miwani yako ya kusomea kama unayo, simama umbali wa sentimita 30, ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, na uitazame nukta. Kisha badilisha jicho. Ziba moja moja, kwa sababu macho mawili yakiwa wazi, zima hufidia bovu na mtu hajui lolote kwa miezi. Ukiona mistari imepinda, imekatika au sehemu imefifia, na jana haikuwa hivyo, nenda hospitali siku ile ile, kwani aina ya ugonjwa inayovuja damu hutibiwa kwa sindano maalumu na kila wiki ina thamani yake.

Siku ya kliniki, beba kila unachotumia: chupa ya vidonge, kopo la mlonge, hata mfuko wa majani uliopewa na shangazi. Viweke mezani mbele ya daktari au muuguzi, ueleze kiasi na muda, na umwombe aandike kwenye kadi yako kipi kiendelee na kipi kisitishwe.